Bustani ya Mama: Mistari Minne ya Viazi

Mwezi huu tuingie bustanini tuzungumze juu ya viazi mviringo, ambavyo wengi wetu bado tunaviita viazi ulaya. Pengine utasema, "Viazi navijua, vinauzwa kila kona." Ni kweli. Lakini hebu kumbuka mara ya mwisho uliponunua viazi sokoni. Je, muuzaji alikuuliza unataka aina gani? Aghalabu huuliza tu kama unataka fungu au ndoo. Na wewe ukimwuliza ni viazi gani, atakutajia mahali vilikotoka: vya Mbeya, vya Njombe, vya Lushoto. Jina la aina yenyewe huenda hata yeye halijui.

Wakati huohuo jikoni tunalalamika. Leo viazi vimevurugika kwenye mchuzi vikawa uji. Kesho chipsi zimekuwa nyeusi nje na mbichi ndani. Keshokutwa viazi vya katlesi vimegoma kushikana. Tunadhani tumekosea kupika, kumbe mara nyingi tumepika kiazi kisichofaa kwa chakula kile. Viazi vina aina nyingi, na kila aina ina tabia yake shambani, ghalani na sufuriani.

Basi kwa mama aliye kwenye nyanda za baridi, tuseme Limuru, Molo, Meru, Lushoto, Makete, Njombe au Uporoto, nina neno moja la kumshauri mwezi huu: usipande aina moja tu. Katika bustani yako ya mboga tenga mistari minne, na kila mstari uwe wa aina yake.

Kwa nini aina zinapotea

Viazi mviringo vilifika kwetu Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, vikiletwa na wamisionari na walowezi. Baadaye aina nyingi ziliongezeka. Kenya, kwa mfano, ugonjwa wa bakajani ulipoingia katika miaka ya 1940, zililetwa aina kutoka Scotland zilizotazamiwa kustahimili ugonjwa huo. Moja iliitwa Roslin Eburu, ambayo pia ilijulikana kama B53. Wazee wa nyanda za juu bado wanaikumbuka. Watoto wao hawaijui kabisa.

Sababu ni soko. Mkulima wa biashara hupanda kile mchuuzi anachotaka kupakia kwenye lori, na mchuuzi hutaka kile kinachotoka haraka. Upande wa Kenya, leo hii sehemu kubwa ya viazi sokoni ni aina moja iitwayo Shangi. Aina hii ilienea kwanza mikononi mwa wakulima wenyewe, ikaandikishwa rasmi baadaye, mwaka 2015. Ina sifa nzuri: hukomaa kwa miezi mitatu au pungufu, huiva haraka jikoni bila kumaliza mkaa, na huchipua upesi hata mkulima akapanda tena msimu unaofuata. Lakini sifa hiyohiyo ya kuchipua upesi ndiyo kasoro yake ghalani. Ukikiweka wiki chache tu, tayari kimeota na kulegea.

Mkulima wa biashara hatumlaumu, kwani ada ya shule haingoji. Lakini aina isiyouzika hutupwa, na isipopandwa misimu miwili mitatu imekwisha, kwa sababu kiazi si kama mahindi ambayo unaweza kuyatundika juu ya moshi wa jiko yakakaa. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mbegu ya kiazi huoza. Haiwezi kutunzwa ila kwa kupandwa. Na mahali panapoweza kupandwa kiazi ambacho soko halikitaki ni katika bustani ya mama, nyuma ya jiko.

Wenye viazi wenyewe wanafanyaje

Asili ya viazi ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, hasa nchi za Peru na Bolivia. Huko kuna aina za kienyeji zaidi ya 4,000: vyeupe, vya njano, vyekundu, vya zambarau hadi ndani, virefu kama kidole na vingine vyenye vinundu kila upande. Katika mji wa Lima kuna Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa mwaka 1971, ambacho hutunza maelfu ya aina hizo. Lakini muda mrefu kabla ya kituo hicho watunzaji walikuwa familia za wakulima, ambazo hadi leo hupanda aina nyingi katika shamba dogo moja. Mvua ikizidi, aina fulani huharibika na nyingine hubaki. Baridi kali ikija, huwa kinyume chake. Nyumba haikosi chakula.

Kuna aina moja ya huko yenye vinundu vingi mno ambayo jina lake kwa lugha ya Kikechua maana yake ni "kimlizacho mkamwana". Husemekana kwamba mama mkwe alimpa bibi harusi kiazi hicho akimenye, apate kuona kama ana subira na kama kisu chake hakitatupa nusu ya chakula pamoja na maganda. Akina mama, naona mnacheka. Kila nchi ina mitihani yake.

Sasa tutazame kinyume cha desturi hiyo. Nchini Ireland, katika karne ya 19, watu maskini waliishi kwa viazi, na sehemu kubwa ya viazi vyao ilikuwa aina moja iliyoitwa Lumper. Mwaka 1845 bakajani iliingia. Kwa kuwa mimea ile ilikuwa ya aina moja, ilipoanguka mmoja ilianguka yote. Umaskini na utawala usiojali viliongeza balaa. Hadi kufikia mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni moja wameihama nchi.

Sisemi kwamba aina nne zitazuia bakajani. Aina yoyote inaweza kuugua. Nasema tu kwamba aina nne haziugui kwa kiasi kilekile wala siku ileile, na zile siku kumi au ishirini za tofauti zinaweza kuamua kama watoto watakula viazi au la.

Aina unazoweza kuzitafuta

Zifuatazo si ngeni kabisa katika nchi zetu, ila si rahisi kuzipata sokoni kila siku.

Dutch Robijn. Asili yake ni Uholanzi. Ngozi ni nyekundu na ndani ni njano hafifu. Kina unga mwingi, ndiyo maana watengenezaji wa krispi hukipenda, hasa kile cha Bomet. Udhaifu wake ni bakajani. Kinahitaji macho yako kila siku wakati wa mvua.

Kerr's Pink. Kimetoka Scotland, na kinajulikana sana pande za Meru. Ngozi ni ya rangi ya waridi na ndani ni cheupe. Macho yake yamezama, kwa hiyo kukimenya ni kazi, lakini kikichemshwa hupasuka chenyewe kama ua. Kwa kuponda hakina mfano.

Desiree. Ni cha Uholanzi, kilitolewa mwaka 1962. Ngozi ni nyekundu laini, ndani ni njano hafifu. Hustahimili ukame kidogo kuliko vingine, na hufaa kwa mapishi karibu yote.

Asante. Kilitolewa rasmi Kenya mwaka 1998, pamoja na Tigoni ambacho ni cheupe. Asante kina ngozi ya wekundu hafifu. Ukienda Uganda ukasikia habari za kiazi Victoria, fahamu kuwa ni hichohicho, jina tu limebadilika mpakani.

Unica. Ngozi ni nyekundu. Kilitolewa Kenya mwaka 2016. Hustahimili joto zaidi, kwa hiyo mama aliye chini kidogo ya nyanda za baridi anaweza kukijaribu.

Kinigi na Cruza 148. Hivi ni vya ndugu zetu wa Rwanda na Burundi. Kinigi kimepewa jina la mahali chini ya milima ya volkano, ngozi yake ni nyekundu, nacho husifiwa sana kwa unga wake. Cruza 148, ambacho Burundi hukiita Ndinamagara, kina madoa ya zambarau na huvumilia ugonjwa wa mnyauko. Lakini kuvumilia si kupona. Mmea huu unaweza kubeba ugonjwa ndani bila kuuonesha, ukaambukiza vingine.

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania utasikia pia majina kama Kikondo, Baraka na Arka. Ulizia kwa wazee wa eneo lako. Ukikuta kiazi kisicho na jina, kipe jina la aliyekupa au la sura yake, mradi usikichanganye na vingine.

Neno moja la tahadhari: ukisafiri nje ya nchi, usitie viazi vya kupanda mkobani. Magonjwa ya viazi husafiri ndani ya kiazi kizima kisicho na alama yoyote. Mbegu kutoka nje huingia kwa kibali cha wakaguzi wa afya ya mimea, na sababu ipo.

Mbegu njema hutoka wapi

Kwa Tanzania, ulizia Kituo cha Utafiti wa Kilimo Uyole, Mbeya, au kwa bwana shamba au bibi shamba wa kata yako. Kwa Kenya, kuna kituo cha utafiti cha Tigoni kule Limuru, na shirika la ADC huko Molo huzalisha mbegu zilizothibitishwa. Kilo mbili tatu zinakutosha, hivyo unaweza kuungana na wenzako mkanunua pamoja.

Aina za zamani mara nyingi hazipatikani vituoni. Hizo utazipata kwa mama mkwe, kwa jirani, au kwa wenzako wa kikundi. Ni jambo jema kupeana mbegu. Lakini, dada yangu, upendo usikufanye ufumbe macho. Mnyauko bakteria hukaa ndani ya kiazi na hukaa ardhini misimu mingi. Kiazi kimoja cha zawadi kinaweza kuiharibia familia bustani kwa miaka.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kupokea mbegu, uliza kama shambani mwake mimea ilinyauka. Kama ilinyauka, shukuru na ukatae kwa heshima, hata kama ni kiazi kizuri namna gani. Kama haikunyauka, ipande msimu wa kwanza ndani ya gunia lenye udongo safi, mbali na bustani, mahali ambapo maji yake hayatiririki kuelekea kwenye mboga zako. Mimea ikiwa mizima hadi mwisho, msimu unaofuata ihamishie bustanini.

Ukiona mmea umenyauka ghafla mchana ilhali udongo una unyevu, ukate shina karibu na ardhi, kisha ukining'inize kipande chake ndani ya bilauri ya maji safi bila kukitikisa. Ngoja dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa mmea na viazi vyake vyote, uchome au ufukie mbali. Usitupe kwenye mboji. Na jembe lioshe kabla ya kugusa mstari mwingine.

Mistari minne

Pima eneo la meta 3 kwa meta 3. Mistari ikiachana sentimeta 75, utapata mistari minne. Katika kila mstari panda viazi kumi, kimoja kila sentimeta 30. Jumla ni mashina 40. Kwa viazi vyenye ukubwa wa yai la kuku, hiyo ni kama kilo mbili za mbegu. Kila shina likikupa nusu kilo tu, utavuna kilo 20, na mama mwenye mboji nzuri anaweza kupata mara mbili ya hapo. Baba wa nyumba akiuliza kwa nini unapoteza eneo kwa viazi visivyouzika, mwoneshe hesabu hiyo. Shamba la biashara libaki na kiazi cha biashara. Wewe unaomba meta tatu tu.

Chagua aina zako kwa makusudi: mstari wa kwanza uwe wa kiazi kinachokomaa mapema, wa pili wa kiazi chenye unga, wa tatu wa kiazi kisichovurugika, na wa nne wa kiazi cha zamani unachotaka kukitunza. Kwa mpango huo hutavuna vyote siku moja. Cha mapema kitakuwa tayari kwa miezi mitatu, vingine vitafuata hadi mwezi wa nne.

Chagua mahali ambapo kwa misimu mitatu hapakupandwa viazi, nyanya, bilinganya wala pilipili, maana hizo ni ukoo mmoja na hushirikiana magonjwa. Palipokuwa na mahindi, maharage, kabichi au vitunguu panafaa. Lima kina cha jembe, changanya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi usiweke.

Mbegu iwe imechipua kabla ya kupandwa. Itandaze kwenye kichanja au trei mahali penye mwanga hafifu, si jua kali, hadi ichipue machipukizi mafupi, manene na ya kijani, marefu kama sentimeta mbili. Machipukizi marefu meupe yaliyoota gizani huvunjika upesi. Panda mwanzoni mwa mvua, kina cha sentimeta 10, macho yakielekea juu.

Mimea ikifika sentimeta 20 hivi, palilia na uinulie udongo kuzunguka mashina. Rudia baada ya wiki mbili au tatu. Usiliruke jambo hili. Viazi havioti kwenye mizizi bali kwenye vishina vinavyotambaa chini ya udongo, juu ya ile mbegu uliyopanda. Udongo ukiwa haba, viazi huchungulia jua na kugeuka kijani.

Asiye na eneo atumie gunia. Likunje hadi chini, weka udongo na mboji sentimeta 30, panda viazi vitatu, kisha ukunjue gunia na kuongeza udongo kadiri mimea inavyopanda. Toboa matundu chini, maji yasisimame.

Kulinda bila kuchelewa

Wakati wa mvua na ukungu, pita bustanini kila asubuhi. Bakajani huanza kama doa la rangi ya kahawia lenye unyevu kwenye ncha ya jani, na ukiligeuza jani asubuhi utaona utando mweupe. Ng'oa majani hayo mapema, usimwagilie juu ya majani, na mwulize mtaalamu wa kilimo dawa ya ukungu inayofaa na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Dawa iwekwe mbali na watoto, na kopo lake lisigeuzwe chombo cha maji hata siku moja.

Adui mwingine ni virusi, ambavyo huenezwa na vidukari. Mmea wenye virusi hauanguki, bali hudumaa na majani yake hujikunja au kuwa na mabaka. Viazi vyake huwa vidogo, na ukivipanda msimu ujao mavuno hupungua tena. Hapo ndipo wengi husema, "Aina hii imezeeka." Aina haizeeki, mbegu ndiyo imechoka kwa magonjwa.

Dawa ya hilo ni kuchagua. Wiki chache baada ya kuota, karibu na wakati wa maua, chomeka kijiti pembeni ya kila shina lenye nguvu, lenye majani mazuri ya kijani na mashina mengi. Baada ya wiki mbili rudi ukague. Lililobadilika, ondoa kijiti. Siku ya kuvuna, chimba kwanza yale yenye vijiti, kila shina peke yake, na mbegu itoke kwenye mashina hayo tu. Wakulima wa Kenya waliofanya majaribio ya njia hii waliongeza mavuno yao kwa wastani wa kama theluthi moja, bila kununua chochote isipokuwa vijiti vya bure.

Akina mama wengi hufanya kinyume: viazi vikubwa huliwa, vya kati huuzwa, na vile vidogo vidogo vilivyobaki ndivyo hurudishwa ardhini. Vile vidogo mara nyingi ndivyo vilivyotoka kwenye shina gonjwa.

Chakula gizani, mbegu mwangani

Majani yakianza kuwa njano, yakate na uache viazi ardhini wiki mbili. Ngozi itakomaa, na viazi havitachubuka. Vuna siku kavu, usivirushe, na usivioshe kama unataka kuviweka.

Kisha shika kanuni hii: chakula gizani, mbegu mwangani. Viazi vya kula viwekwe mahali pakavu, penye giza, ubaridi na hewa, ndani ya kikapu au gunia la katani, si mfuko wa plastiki. Usiviweke kwenye jokofu kama unataka kukaanga, kwa kuwa baridi kali hugeuza wanga kuwa sukari, na chipsi huwa nyeusi kabla ya kuiva. Viazi vya mbegu viwekwe kwenye mwanga hafifu. Vitageuka kijani, navyo wala usivipike tena.

Kila aina iwe na kikapu chake na kibao cha jina. Tafuta pia daftari dogo. Andika jina la kiazi, aliyekupa, tarehe ya kupanda, kilo ulizovuna, na kilivyopikika. Baada ya misimu mitatu daftari hilo litakuambia kuhusu udongo wako mambo ambayo mtu mwingine hawezi kukuambia.

Jikoni

Unajuaje kiazi cha unga na kisicho cha unga? Changanya kipimo kimoja cha chumvi na vipimo 11 vya maji, kisha utumbukize kiazi. Kikizama, kina unga mwingi. Kikielea, ni cha kushikana.

Chenye unga kitumie kwa kuponda, mukimo, katlesi, chipsi na supu nzito. Cha kushikana kitumie kwa mchuzi, viazi vya nazi, pilau na saladi, kwa kuwa kitabaki na umbo lake. Vya ngozi nyekundu vichemshe na maganda yake baada ya kuvisugua vizuri. Mezani vinapendeza, na virutubisho havimwagwi vyote na maji.

Kuhusu rangi, tusidanganyane. Zambarau ya viazi vya Andes hutokana na kitu kiitwacho antosianini, kilekile kinachotia wekundu choya. Ni kitu chema, lakini hakiondoi haja ya mchicha. Na kiazi mviringo cha njano hakichukui nafasi ya kiazi kitamu cha rangi ya machungwa, kile cha viazi lishe, katika kumpa mtoto vitamini A.

Kwa ajili ya watoto

Baada ya maua, baadhi ya aina huzaa matunda madogo ya kijani yanayofanana kabisa na nyanya ndogo. Hayo ni sumu. Yachume uyafukie kabla watoto hawajayafanya mchezo wa kupika. Hata majani ya viazi hayaliwi kama matembele. Kiazi kilichogeuka kijani au kilicho kichungu kisiliwe, maana sumu yake, solanini, haiishi kwa kuchemshwa. Sehemu ndogo ya kijani na machipukizi unaweza kuyakata kwa kina, lakini kiazi kilichoenea kijani kitupe au kipande. Mtoto akila vitu hivyo akaanza kutapika, kuharisha au kulegea, mpeleke zahanati mara moja.

Mpendwa msomaji, kabla mvua hazijaanza una wiki chache za kuzunguka. Nenda kwa bibi yule mwenye bustani ya zamani kijijini kwenu, umwulize alikuwa akipanda viazi gani alipoolewa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Huenda bado ana shina moja limejificha kando ya migomba. Mwombe viazi vitatu, andika jina atakalokutajia, na uviweke ndani ya gunia peke yake kwa msimu mmoja kama tulivyosema.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutatazama jinsi ya kutengeneza mboji kwa takataka za jikoni. Hadi hapo, nawatakia kazi njema bustanini.